Kifyatulio cha Bunduki na Sheria ya Mwaka 1890

 

Siku mkienda mjini, simameni kidogo mbele ya Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Mtazameni yule askari na bunduki yake yenye singe. Je, kidole kikivuta kifyatulio, ndani ya bunduki hutokea nini? Jibu lake liliamua mambo makubwa katika nchi yetu.

Zamani babu zetu walitumia gobori la gumegume. Ukivuta kifyatulio, jiwe hupiga chuma, cheche huangukia baruti, nayo huwaka. Mvua ikinyesha, baruti hulowa, na bunduki huwa fimbo tu. Baadaye ikaja bunduki ya fataki. Hiyo haikuogopa sana mvua, lakini kila mara ilibidi kushindilia upya kwa mdomo wa mtutu. Mwisho ikaja bunduki ya viasi. Fataki, baruti na risasi vimo pamoja ndani ya kiasi kimoja, nacho hutiwa kwa nyuma. Mwenye gobori akipiga mara moja, mwenziwe amekwisha kupiga mara kadhaa.

Mtauliza, kwa nini babu zetu hawakuchagua iliyo bora? Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya na mengineyo yalifanya Mkataba wa Brussels. Mkataba ule ulipinga biashara ya watumwa, nalo ni jambo jema. Lakini katika sehemu kubwa ya Afrika ulizuia pia wenyeji wasiuziwe bunduki mpya. Gobori la gumegume na baruti ya kawaida viliruhusiwa. Watu wa bara hawakuulizwa.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliwashtukiza askari wa Mjerumani Zelewski. Walitoka karibu, mbio, na mikuki yao. Askari walikuwa na bunduki za viasi, lakini hawakupata nafasi ya kupiga ila mara moja au mbili. Zelewski mwenyewe aliuawa.

Uwanja wa wazi ni habari nyingine. Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge. Humo mlikuwa na bombomu. Bombomu hujipakia kwa nguvu ya mshindo wake. Kidole kikishikilia kifyatulio, risasi hazikomi. Watu wengi walianguka. Bastola za kujipakia nazo hutumia nguvu ya mshindo, ila kila risasi hutaka kidole kivute upya.

Basi, asiwadanganye mtu kwamba babu zetu walikosa akili au ushujaa. Sheria iliyoandikwa mbali iliwachagulia silaha. Ndiyo maana nasi twajifunza kusoma: tujue yanayoandikwa juu yetu.

Maswali:
1. Kwa nini mvua iliharibu gobori la gumegume?
2. Kwa nini bunduki bora hazikuwaokoa askari huko Lugalo?

Kwaherini, hadi somo lijalo.