Majengo ya Tiba Tanzania: Kutoka Ocean Road hadi Kituo cha Afya cha Kata

Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani ufukweni mwa Dar es Salaam katika miaka ya 1890, ilichorwa wakati ambapo wengi waliamini kuwa hewa nzito ya nchi za joto huleta homa. Jengo likaelekezwa baharini, dari zikainuliwa, na baraza pana zikaachwa ili upepo upite usiku na mchana. Mwaka 1897, huko India, daktari Ronald Ross aligundua kimelea cha malaria ndani ya mbu, na nadharia ya hewa mbaya ikaporomoka. Baraza zenyewe hazikupoteza kazi, kwa kuwa chumba kinachopitisha hewa humfaa mgonjwa wa karibu maradhi yoyote.

Kasoro kubwa ilikuwa katika kuamua nani alazwe wapi. Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyefariki 1897. Hata elimu mpya ya mbu iligeuzwa hoja ya kutenganisha makazi kwa rangi: chini ya Waingereza, uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya mitaa ya Waafrika na sehemu nyingine za mji kwa kisingizio cha afya. Ramani ya namna hiyo haikumkinga mtu yeyote na mbu.

Mwaka 1956 ilifunguliwa Hospitali ya Princess Margaret huko Upanga, nayo ikachukua nafasi ya ile ya Sewa Haji. Baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili, na moja ya majengo yake ya wodi bado lina jina la mfadhili huyo. Shule ya udaktari ilipoanza mwaka 1963, hospitali ilihitaji pia mahali pa kufundishia. Ocean Road nayo ikawa ya wazazi, kisha kuanzia 1980 ikatoa tiba ya saratani, na mwaka 1996 ikawa taasisi inayojitegemea. Mashine za mionzi hudai vyumba vyenye kuta nene za zege, kinyume kabisa cha baraza zilizo wazi.

Hospitali ya Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ina historia yenye mafunzo zaidi. Ilianzishwa 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, enzi ambayo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Tiba ilikuwa mapumziko, chakula na hewa safi ya mlimani, hivyo mgonjwa alilazwa kwa miezi mingi. Dawa zilipopatikana, na mpango wa taifa ulioanza 1977 kwa msaada wa mtaalamu wa kifua kikuu Karel Styblo ulipozifikisha wilayani, kukaa mlimani hakukuwa tena sharti la kupona. Kitanda kikapungua umuhimu, kliniki ya karibu ikauchukua. Lakini kifua kikuu sugu kilipojitokeza, Kibong'oto ndiko kulikoanza tiba yake mwaka 2009, na madirisha makubwa yakawa kinga ya wahudumu dhidi ya maambukizi.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, fedha na fikra zilihamia vijijini. Mipango ya miaka ya 1970 ilikadiria kituo cha afya kimoja kwa watu 50,000 na zahanati moja kwa watu 10,000 hivi. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 ulilenga zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Umbali ukapungua, lakini zahanati ya vyumba vichache haiwezi kumwokoa mama ambaye mtoto amekwama njiani au anayevuja damu nyingi. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 2017 vituo vingi vya afya vilikarabatiwa au kuongezewa majengo: chumba cha upasuaji, wodi ya wazazi, maabara, nyumba ya mtumishi, na njia iliyoezekwa ya kupitishia kitanda hata mvua ikinyesha. Chumba cha upasuaji hakifanyi kazi peke yake. Kinahitaji maji yanayotiririka, umeme wa akiba, damu salama na mtaalamu wa usingizi, na nyumba ya mtumishi huwekwa karibu kwa sababu uchungu huanza saa yoyote.