Daktari Yuko Ng'ambo: Kifafa, Simu na Mkondo wa Likoni

Mwezi Machi 1905, mjini Leiden, Uholanzi, Willem Einthoven alirekodi umeme wa moyo wa mtu aliyekuwa hospitalini, ilhali yeye na mtambo wake walikuwa maabarani, kilomita moja na nusu kutoka hapo. Waya wa simu uliunganisha majengo hayo mawili, na tangu siku ile tabibu hakulazimika tena kukaa chumba kimoja na mgonjwa ili amjue. Mkondo wa Likoni, hapa Mombasa, haufiki hata nusu ya umbali huo. Ukisimama kivukoni upande wa Likoni unakiona kisiwa cha Mombasa mbele yako. Hata hivyo, kwa vizazi vingi mzazi wa Shika Adabu, huko Likoni, mwenye mtoto wa kifafa alikuwa mbali zaidi na daktari wa ubongo kuliko mtu yule wa Leiden na Einthoven wake, kwa sababu daktari wa namna hiyo hakuwapo ng'ambo. Na hata leo wako wachache, wengi wao Nairobi.

Hapa Pwani, mtu kutibiwa bila kuonana na mtabibu wake ni jambo la zamani. Kijana akianguka anguka, mjomba au shangazi alitumwa kwa shekhe au kwa mganga, pengine mwendo wa siku nzima, akabeba jina la mgonjwa na jina la mamake ili afanyiwe hesabu ya falaki. Huko aliulizwa: alianguka mchana au usiku, alipiga kelele, alitoka povu? Kombe liliandikwa kwa zafarani na marashi kwenye sahani, likaoshwa, maji yakatiwa chupani na kurudishwa nyumbani akanywe. Sisemi kombe lilizima kifafa. Wagonjwa wengi walipoteza miaka wakihama mtabibu hadi mtabibu, wakiungua motoni na kuzama visimani huku ubongo ukiendelea kuumia. Nasema tu kwamba watabibu wale walijua jambo ambalo hospitali zilichelewa kulishika: mwenye kifafa hajioni akianguka. Anayejua ni aliyekuwa naye, na huyo ndiye wa kusikilizwa.

Dawa yenyewe haikuchelewa kugunduliwa. Mwaka 1912 daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aliona kwamba fenobabitoni, iliyokuwa dawa ya usingizi, inazuia kifafa. Kenya ya wakati huo iliwahesabu wenye kifafa pamoja na wenye wazimu. Hospitali ya Mathari ilikuwa imefunguliwa Nairobi mwaka 1910, na kwa familia nyingi hofu ya mgonjwa wao kufungiwa huko ilizidi hofu ya ugonjwa. Kidonge cha bei nafuu kilikuwapo duniani, mgonjwa alikuwapo Likoni, lakini hakuna aliyewakutanisha.

Waliojaribu kuwakutanisha hawakuanzia kwenye hospitali kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Mahenge, Tanganyika, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa kati ya Wapogoro waliokuwa wakiwatenga wagonjwa wao. Alipohamia Canada aliendelea kuifuatilia kliniki hiyo kutoka huko. Kisha katika miaka ya 1980, Nakuru ilifanyiwa utafiti ambao ningependa kila waziri wa afya aujue. Wagonjwa 302 walitibiwa kifafa katika huduma za kawaida za msingi, na matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Zaidi ya nusu ya waliomaliza utafiti walifikia kukaa miezi sita bila kuanguka. Kwa hiyo, zaidi ya miaka 30 iliyopita Kenya ilithibitisha yenyewe kwamba wengi wa wagonjwa hawa wanahitaji mtu wa karibu aliyefunzwa, dawa isiyokatika, na mtaalamu wa kuulizwa mambo yakiwa magumu. Huyo mtaalamu anaweza kuwa mbali.

Huku nyuma, mitambo ya kumfikia ilikuwa ikikua. Mwaka 1959 Taasisi ya Magonjwa ya Akili ya Nebraska, Marekani, ilitumia televisheni ya pande mbili kuwaonyesha wanafunzi wa udaktari uchunguzi wa wagonjwa wa mishipa ya fahamu. Afrika Mashariki ilikuwa na madaktari wa ndege, Flying Doctors, walioanza mwaka 1957 na kutegemea redio kuzungumza na vituo vya mbali. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilitoka baharini na kutua Mombasa. Mji wetu ukawa mlango wa intaneti ya nchi nzima, ingawa mtaa wa vyumba vya kupanga Likoni uliendelea kununua bando la saa moja. Mwaka 2015 Hospitali Kuu ya Kenyatta iliunganishwa na hospitali ya Machakos ili madaktari washauriane kwa video.

Jirani zetu Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwa kikifuatilia kifafa kwa miongo mingi. Wataalamu wake walionyesha jinsi malaria kali, matatizo ya uzazi na majeraha ya kichwa yanavyowaachia watoto wa Pwani ugonjwa huu, na kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa hawakuwa wakipata tiba ipasavyo.

Ndipo ikaja korona. Aprili 2020 serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mombasa, na feri, ambayo watu hubanana bega kwa bega, ikawa mahali pa kuogopwa. Kliniki ziliahirishwa. Daktari aliyezoea kumwambia mgonjwa aje baada ya miezi mitatu alianza kumpigia simu.

Miadi ya namna hiyo huwa hivi. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, mgonjwa amekaa mkekani, mama yuko nyuma yake. Daktari anauliza macho yalielekea wapi, ni mkono upi ulioanza kutetemeka, je alijiuma ulimi, je alijikojolea. Mama anajibu, kisha maneno yanapomwishia anaigiza: anageuza shingo kushoto, anakunja kiwiko, anakaza vidole. Mwendo ule wa shingo unaweza kumwambia daktari ni upande gani wa ubongo unaoanzisha kifafa. Mgonjwa anaambiwa anyoshe mikono mbele, viganja juu, afumbe macho, ili ionekane kama mmoja utashuka. Atembee sasa, kisigino mbele ya kidole. Chumba ni kidogo, kwa hiyo wote wanatoka uani, na wapangaji walioko kwenye ndoo zao za kufulia wanageuka kutazama.

Hapo ndipo pana uchungu ambao hospitali haikuwa nao. Msichana aliyeficha ugonjwa wake kwa miaka anausikia ukitajwa kwa sauti ya spika, ukuta mmoja na jirani ambaye huenda kesho akawa mkwe. Wengine husikia kwa mara ya kwanza, kutoka kwa mama zao, yanayowapata wakiwa hawajitambui. Siku hizi daktari huomba kifafa kirekodiwe kwa simu, na ana haki: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba wataalamu hutambua aina ya mshtuko katika visa vingi kwa kutazama video kama hizo. Lakini kijana anayejiona kwenye kioo cha simu, povu mdomoni, anahitaji mtu wa kumshika mkono wakati ule, na daktari wa kwenye simu hawezi.

Yako pia yasiyowezekana kwa simu kabisa. Kiharusi kinataka skani, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya takribani saa nne na nusu tangu dalili zianze. Hapo mgonjwa lazima avuke, na upana wa mkondo unarudi kuwa suala la uhai.

Kwa kifafa, naamini simu imestahili kubaki. Mama wa Shika Adabu sasa anasikilizwa na mtaalamu bila kupoteza kibarua cha siku, na sheria ya afya ya kidijitali ya mwaka 2023 imeipa huduma hiyo msingi. Mwaka huohuo serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 simu na vifaa vya kazi. Kinachoniudhi ni kinachofuata simu ikikatwa. Fenobabitoni iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, na duka la dawa lina sababu ya kukataa picha ya cheti cha dawa iliyotumwa kwa WhatsApp. Basi mama aliyeongea na daktari wa Nairobi akiwa mkekani kwake anapanda matatu hadi kivukoni, anavuka feri, anapanga foleni kisiwani kwa ajili ya cheti chenye sahihi na muhuri, na akikosa dawa siku hiyo mtoto anakatiza dozi. Kukatiza fenobabitoni ghafla kunaweza kuleta mishtuko mfululizo isiyokoma, na hiyo huua. Zahanati za Likoni zinaweza kuwekewa akiba ya vidonge hivi, na afisa wa tiba aliyepo akaidhinishwa kusaini cheti papo hapo, daktari angali hewani.