Kiangazi katika shamba ndogo ya wazee wetu, toka Makobola mpaka Luvungi

Ukimuuliza mwanafunzi wa hapa Uvira kiangazi ni nini, atajibu haraka: ni wakati mvua haiko, tena ni vakansi. Jibu si baya. Lakini kwa wazee wetu waliolima mashamba madogo kandokando ya ziwa na katika uwanda wa Ruzizi, ambao sisi tunauita tu Plene, kiangazi hakikuwa vakansi hata kidogo. Kilikuwa ndicho kipindi cha kutayarisha mwaka unaokuja. Katika kurasa hizi tutaeleza kazi za kipindi hicho, na jinsi wakulima walivyonyang'anywa.

Majira na ardhi

Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari. Nyuma yetu milima ya Itombwe inapanda kupita mita 3000. Katikati iko sehemu nyembamba ya ardhi, na upande wa kaskazini inafunguka kuwa Plene. Mvua inaanza mwezi wa tisa ao wa kumi na kuisha mwezi wa tano. Toka mwezi wa sita mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa, jua na vumbi ndio wenye nyumba. Lakini mito inayotoka milimani, kama Mulongwe, Kavimvira, Sange na Luberizi, haikauki yote. Kwa hiyo mkulima alikuwa na mashamba mawili: ile ya mlimani ao ya uwandani inayongoja mvua, na kipande kidogo karibu na maji. Siku hizi waagronomu wanaita kilimo hicho sezoni C. Wazee hawakuwa na jina hilo, lakini kazi waliijua.

Tusifikiri kwamba vyakula vyote ni vya toka zamani. Mihogo, mahindi na maharagi vilitoka Amerika na kufika Afrika kwa njia ya Wareno. Mtama, ulezi na ndizi vilikuwepo mbele yao. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa nne 1858, walikuta tayari soko kubwa: nafaka, vyuma, nguo za maganda ya miti, pembe za ndovu na, kwa huzuni, watumwa. Kama nafaka iliuzwa, maana yake mkulima wa hapa alivuna kupita tumbo lake.

Kazi ya siku

Asubuhi na mapema mama na wasichana walichota maji, wakafagia kiwanja, kisha wakaenda kung'oa mihogo. Mihogo mikali inamenywa, inalowekwa siku tatu ao ine mpaka ilainike, kisha inaanikwa juu ya mawe ao mikeka. Kazi hii inataka jua. Wakati wa mvua mihogo haikauki vizuri, inaota ukungu na bugali inakuwa nyeusi. Ndiyo sababu unga wa akiba ulitengenezwa mwezi wa saba na wa nane. Kuloweka si desturi ya bure, kunatoa sumu. Huko Kwango, ambako wakati wa shida watu walifupisha siku za kuloweka, walipata ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu. Mama zetu hawakusoma kemia, lakini siku zile walizihesabu.

Wanaume walikata majani ya kuezeka, wakatengeneza paa mbele ya mvua ya kwanza, wakasafisha mfereji wa maji. Maji ya mfereji yalikwenda kwa zamu. Mtu aliyefungua maji usiku bila zamu yake aliitwa mbele ya wazee. Vijana walimwagilia lengalenga, matembele na vitunguu, wakafukuza nyani na ndege.

Usiku usio na mwezi, wavuvi waliingia ziwani na mwanga: zamani mienge ya moto, baadaye taa za petroli. Ndagala wanafuata mwanga. Asubuhi walianikwa juu ya mchanga, na jua la kiangazi liliwakausha siku moja tu. Wamama wa Plene walishuka na maharagi na unga, wakarudi na ndagala. Ndiyo maana ndoa nyingi zilifanyika wakati huo: chakula kiko, kasiksi iko, njia ni kavu, na wageni wanaweza kulala nje.

Mbegu juu ya moto

Lakini kazi kubwa kupita zote haikuonekana sana. Maharagi yaliyopigwa kwa fimbo na kupepetwa katika lungo yalichaguliwa moja moja. Mazuri yalichanganywa na majivu ili wadudu wasiyatoboe, yakafungwa. Mahindi mazuri yalifungwa maganda kwa maganda na kutundikwa juu ya moto wa jikoni, moshi uyalinde.

Nyanya yangu alikuwa nayo hayo mahindi. Mwaka mmoja mwezi wa nane ulitukuta na njaa, na sisi watoto tukamwonyesha kwa kidole. Hakutugombeza. Alisema tu: « Yale si chakula, bajukuu. Yale ni mwaka kesho. » Tukalala na matembele.

Pamba

Wabelgiji waliweka kilimo cha lazima toka 1917. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 iliruhusu siku 60 za kazi ya lazima kwa mwaka, na 1942, wakati wa vita vya dunia, zikapandishwa mpaka 120. Katika Plene mmea wa lazima ulikuwa pamba. Wengi wanahesabu ubaya wake kwa kiboko, amende na bei ndogo. Ni kweli. Lakini tuangalie pia kalenda. Pamba inavunwa kiangazi, toka mwezi wa sita mpaka wa nane. Inataka mikono yote ya nyumba, ya watoto pia, kisha miti yake ing'olewe na kuchomwa ili wadudu wasibaki. Ni miezi ileile ya mihogo, ya paa, ya mfereji na ya mbegu. Pesa ya pamba ililipa kodi, lakini haikurudisha siku zilizopotea. Tukisema kwamba pamba ilileta njaa, maana yake si ardhi peke yake. Ilikula kiangazi cha mkulima.

Vita na mbegu zilizopotea

Uasi wa 1964 ulitawanya watu wa Plene. Kisha ikafika Oktoba 1996. Tulikimbia wakati ambapo shamba lilipaswa kupandwa. Tuliporudi, jiko la nyanya halikuwa na paa, na juu ya moto hapakuwa na kitu. Nyumba nyingi zilikuwa hivyo. Kiwanda cha sukari cha Kiliba nacho kilisimama mwaka huohuo, na mshahara wa watu wengi ukaisha. Katika miaka ya 2000 ugonjwa wa mozaiki ukaharibu mihogo, mpaka INERA na IITA wakaleta miche inayovumilia. Msaada huo tunaushukuru. Lakini mtu anayengoja mbegu kila mwaka kwenye gari ya msaada anapanda siku gari inafika, si siku mvua inafika.

Leo kuna mengine. Vilima juu ya mji vinachomwa kila mwezi wa nane, na vimebaki bila miti. Mwezi wa nne 2020 Mulongwe ilishuka kwa nguvu, ikabeba nyumba na watu. Moto wa kiangazi na mafuriko ya masika si habari mbili zisizojuana.

Kwa kumaliza

Hatusemi turudi kwa nyumba za majani. Tunasema kwamba wazee walipima akili ya nyumba kwa mbegu iliyobaki mwezi wa tisa, si kwa wingi wa mavuno ya mwezi wa sita. Vakansi ijayo, kila mwanafunzi amwulize mzee mmoja wa kwao: mlipanda maharagi gani, yalikuwa na rangi gani, mliyatunza namna gani? Aandike majina hayo katika kaye. Na kama mzee bado ana kikombe kimoja cha maharagi hayo, aombe nusu yake, na akaipande.