Starehe: Ilianza na Vibanda Viwili vya Mabati

Kituo cha Wavulana cha Starehe kilifunguliwa Nairobi tarehe 14 Novemba 1959, na siku hiyo mali yake yote ilikuwa vibanda viwili vya mabati, msaada wa kampuni za mafuta za Shell na BP. Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijaondolewa. Vita vya Mau Mau vilikuwa vimewaacha watoto wengi bila wazazi wala pa kwenda, na mjini wavulana walikuwa wakilala vichochoroni na kula walichookota. Watu waliwapita, polisi wakawakamata.

Watatu hawakuwapita: Geoffrey William Griffin, Geoffrey Gatama Geturo na Joseph Kamiru Gikubu. Nayataja majina yote matatu makusudi, maana vijana wetu wa leo wanalijua la Griffin tu. Griffin, Mzungu aliyezaliwa Eldoret mwaka 1933, alikuwa ofisa katika jeshi la King's African Rifles wakati wa vita vile. Aliyoyaona yakamchukiza, akakataa kuendelea na jeshi. Baadaye akapewa kazi ya vijana waliokuwa wamezuiliwa kambini Manyani pamoja na watu wazima, wakahamishiwa kambi ya Wamumu, kule Mwea. Huko kijana wa kizuizini alipewa darasa na ufundi, akaaminiwa. Geturo na Gikubu walitoka naye Wamumu, na Starehe waliijenga pamoja kwa waliyojifunza huko.

Pesa je? Ziliombwa. Griffin alikuwa bingwa wa kuomba, na hata kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Yusuf King'ala kinamwita hivyo kwenye jalada. Shirika la Save the Children la Uingereza lilisimama nasi wa Starehe tangu mapema: mfadhili wa mbali alimsomesha kijana, naye kijana akamwandikia barua. Kanuni ilikuwa asiye nacho halipi, mwenye nacho analipa, na wote wanavaa sare moja, wanakula chakula kimoja, na zamu ya kufagia haiulizi wewe ni mtoto wa nani. Ofisini walijua nani analipa karo. Bwenini hakuna aliyejali.

Halafu kuna baraza. Kila wiki wavulana wote walikusanyika mbele ya mkurugenzi, Griffin, na yeyote aliweza kusimama akauliza alitakalo, iwe juu ya chakula, kiranja mkali au siasa za nchi. Mtoto aliyezoea kufukuzwa milangoni mwa hoteli sasa anamhoji mkubwa hadharani, na mkubwa analazimika kujibu. Kwa maoni yangu, baraza liliwarekebisha vijana wale kuliko hata madarasa, ingawa walimu wetu hawatapenda kusikia hivyo.

Mwaka 1964 Griffin alikabidhiwa pia Huduma ya Vijana kwa Taifa, akaiongoza hadi 1988 bila kuiacha Starehe. Sijui alilala saa ngapi.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapitia haraka: shule ya sekondari ikapanda hadi kuwa miongoni mwa shule bora nchini, vyuo vya ufundi vikafuata, bendi ikapigia wageni wa taifa, kituo cha wasichana kikafunguliwa mwaka 2005. Mwaka huohuo, tarehe 28 Juni, Griffin alifariki. Tangu hapo wakurugenzi wamepokezana, na kuna misimu iliyokuwa na mawimbi, lakini nyumba imesimama.

Mwenzangu uliyesoma pale bila kulipa karo, na leo una gari na shamba: wafadhili wa ng'ambo hawawezi kutubebea mzigo wa karo daima. Chukua kijana mmoja umlipie, tangu anapoingia hadi anapomaliza.