Wataalamu Tunaopishana Nao Njiani: Ugumu wa Kuajiri katika TEHAMA, Kitengela na Kajiado

Ukizungumza na waajiri wa Kaunti ya Kajiado wanaotafuta wataalamu wa teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, utasikia lalamiko moja: watu hawapatikani. Msimamizi wa hospitali ya kibinafsi, meneja wa Sacco na mkuu wa shule ya bweni wote husema hivyo. Ukiwageukia vijana waliohitimu, wao watakwambia kazi ndizo zisizopatikana. Ni rahisi kudhani kwamba upande mmoja unatia chumvi. Naona pande zote mbili zinasema kweli, na kiini ni kimoja: kila mwajiri anataka mtu mwenye uzoefu, na karibu hakuna aliye tayari kugharamia miaka ambayo uzoefu huo hupatikana.

Kitengela, mji ulio katika kaunti hiyo, ni mahali pazuri pa kulichunguzia jambo hili. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi wapatao 58,000 mjini humo. Ya 2019 ikahesabu zaidi ya 154,000. Wengi wao hawakuvutwa na ajira za hapo. Walifuata ploti na nyumba za kodi nafuu, huku riziki yao ikiwa Nairobi, Mlolongo na katika viwanda vya EPZ vya Athi River. Miongoni mwa wanaopanda matatu alfajiri kwenye barabara ya Namanga wamo wahandisi wa mitandao, wakaguzi wa mifumo ya benki na wasanidi programu. Mwajiri anayesema mji hauna wataalamu huenda anaishi nao mtaa mmoja, ila mchana hawapo.

Wengine wapo hata mchana, lakini hawako sokoni. Tangu nyaya za intaneti za kasi zifike mitaani, mtu anaweza kuandikia kampuni ya Ulaya au Marekani programu akiwa sebuleni kwake. Ripoti ya Google kuhusu wasanidi programu wa Afrika ilikadiria kwamba mwaka 2021 bara zima lilikuwa na wasanidi wapatao 716,000, na kwamba asilimia 38 kati yao walikuwa wakifanyia kazi angalau kampuni moja iliyo nje ya Afrika. Maana yake kwa shule au hospitali ya Kitengela ni nzito: mshahara wa msanidi aliyekomaa haupangwi Kitengela, wala Nairobi. Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza chake Aprili 2022. Kampuni changa za Nairobi zikaanza kulalamika hadharani kwamba zinanyang'anywa wahandisi wao bora. Ikiwa kampuni zenye mtaji wa wawekezaji zililia, Sacco ya Isinya itashindana kwa kitu gani?

Kwa hiyo ukimtaka mtaalamu wa ngazi ya juu, ugumu ni wa kweli na hautaondoka karibuni. Lakini nafasi nyingi za TEHAMA zinazotangazwa Kajiado si za ngazi hiyo. Tazama tangazo la kawaida la shule au hospitali. Anatakiwa afisa mmoja wa TEHAMA mwenye digrii na uzoefu wa miaka mitano. Atatengeneza printa, atasimamia seva na kamera za ulinzi, ataendesha mfumo wa karo au wa malipo ya wagonjwa, atahuisha tovuti, ataweka picha za hafla kwenye Facebook, na ikibidi atafundisha somo la kompyuta kidato cha pili. Hizo ni kazi nne au tano zenye maarifa tofauti, na mshahara ni wa mtu anayeanza. Anayekidhi masharti hayo hawezi kuukubali mshahara, na anayeukubali mshahara hakidhi masharti. Nafasi hukaa wazi miezi, kisha hujazwa na mtu atakayeondoka kabla mwaka haujaisha, na mwajiri akahitimisha kwamba vijana wa siku hizi hawatulii.

Profesa Peter Cappelli wa shule ya biashara ya Wharton alitoa hoja inayokaribiana na hii mwaka 2012 kuhusu Marekani, alipodai kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa pengo la ujuzi hutengenezwa na waajiri wenyewe kwa namna wanavyoandika masharti ya kazi. Kwetu hoja hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu ujuzi uliopo mara nyingi umekaa mahali ambapo mwajiri hatazami. Ingia saiba yoyote, yaani duka la huduma za intaneti, hapo Kitengela mwezi Juni, kabla ya tarehe 30 ambayo ni mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA. Mama mmoja ana simu ndogo isiyo na intaneti. Nywila yake ya mfumo wa kodi wa iTax imepotea, na akaunti imeunganishwa na anwani ya barua pepe aliyofunguliwa na mhudumu wa saiba nyingine miaka mingi iliyopita. Anwani yenyewe haikumbuki. Binti aliye nyuma ya kompyuta humuuliza maswali polepole, hulinganisha kitambulisho, hutafuta njia ya kubadilisha anwani, humweleza kwa nini asimpe mtu mwingine nywila, kisha humgeukia kijana mwenye shida ya mkopo wa masomo wa HELB na mzee anayetafuta huduma ya eCitizen. Kwa siku moja ametambua hitilafu, amehudumia watumiaji na amelinda taarifa za watu katika mifumo mitatu ya serikali. Katika barua yake ya maombi ya kazi, hayo yote hayahesabiwi kuwa uzoefu.

Kwa nini basi mwajiri asimchukue binti huyo na kumkuza? Mwanauchumi Gary Becker alilieleza hili mwaka 1964: kampuni husita kulipia mafunzo ya ujuzi unaotumika kila mahali, kwa kuwa mfanyakazi akishaiva anaweza kwenda kwa jirani anayelipa zaidi. Ujuzi wa TEHAMA ni wa aina hiyo hasa. Mfano tulio nao ni kampuni ya Andela, iliyoingia Kenya mwaka 2015 ikiwafunza vijana, wengine wasio na digrii, huku wakifanyia kazi kampuni za ng'ambo. Septemba 2019 iliwaachisha mamia ya wasanidi wachanga katika Nigeria, Uganda na Kenya, kwa maelezo kwamba wateja walitaka waliokomaa. Kampuni iliyojengwa juu ya kuwakuza wanaoanza ilirudi kwenye soko la waliokwisha kukuzwa. Kila mmoja anachuma, na mpanzi haonekani.

Wapo watakaosema lawama ni ya vyuo. Kuna ukweli ndani yake. Mwanafunzi anaweza kumaliza diploma akiwa ameandika programu zaidi kwenye karatasi ya mtihani kuliko kwenye kompyuta, na wiki zake za mafunzo ya nyanjani zikaishia kwenye kutoa nakala. Ila Kajiado haina upungufu wa vyuo: ipo Africa Nazarene kule Rongai, Umma mjini Kajiado, kampasi ya KCA hapa Kitengela na Maasai Technical. Hakuna chuo kinachoweza kumpa mwanafunzi usiku ule ambao mfumo wa malipo wa hospitali umekwama na wagonjwa wamejaa ukumbini. Hilo hufunzwa kazini, chini ya mtu aliyewahi kulipitia.

Wala suluhisho si kuzidisha masharti. Mswada wa wataalamu wa TEHAMA, uliojitokeza kwanza mwaka 2016, ulitaka wanataaluma wasajiliwe na kutimiza vigezo vya elimu. Bunge liliupitisha mwaka 2022, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini. Nadhani alifanya vyema. Sheria ya namna hiyo ingemwondoa binti wa saiba sokoni kabla hajapewa nafasi, wakati mahitaji yanapanda. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imezifanya hata hospitali na shule ziwajibike kwa taarifa zinazohifadhi, na shambulio dhidi ya eCitizen Julai 2023 lilionyesha jinsi wananchi wanavyokwama mfumo mmoja unapolegea.

Njia iliyo karibu zaidi ni waajiri kugawana gharama. Kila mwajiri nchini anatakiwa kuilipa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na anayewapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kudai kurejeshewa fedha. NITA ina kituo Athi River, jirani kabisa. Shule tano za Kitengela zikiajiri kwa pamoja mhandisi mmoja mzoefu, kila moja ikimpa siku yake ya juma, zinaweza kumlipa mshahara unaomfanya aache matatu ya alfajiri. Kila shule ibaki na kijana wake mmoja anayeanza, aliyeandikiwa kazi moja au mbili badala ya tano, akijifunza chini ya mhandisi huyo na kuongezwa mshahara kila anapopiga hatua. Baadhi yao wataondoka baada ya miaka miwili, pengine kwenda shule ya jirani iliyomo katika mpango huohuo.