Nchi Kabla ya Mpaka

Mirambo, mtemi wa Urambo, alifariki Desemba 2, 1884. Siku hiyo mkutano wa Berlin kuhusu Afrika ulikuwa umeshatimiza wiki mbili na ushei. Ningependa kila mtoto wa Tabora azijue habari hizi mbili kwa pamoja, kwa sababu zinabeba namna mbili za kuunda nchi, na darasani anapewa moja tu.

Mtoto wa shule ya msingi hukutana na nchi ikiwa imeshapakwa rangi ukutani. Anakariri majirani, Kenya mpaka Msumbiji, na akiulizwa zilitokeaje, anajibu kuwa wakoloni waligawana Berlin. Jibu hilo limefupishwa mno. Mpaka wetu na Kenya ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Yale ya 1890 yakaupitisha katikati ya Ziwa Viktoria, nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Kinachonisumbua zaidi ni kile ambacho jibu hilo halisemi. Mtoto anabaki akidhani kwamba kabla ya mstari palikuwa na pori na makabila, basi.

Wazee wa Kinyamwezi wana simulizi nyingine. Nchi inaanza na watu wanaomfuata kiongozi wao, mara nyingi mwindaji au mtoto wa mtemi aliyekosa kiti, wakafyeka msitu, wakajenga, wakamkabidhi mambo ya mvua, mizimu na mashauri. Asiyeridhika na mtemi alikuwa na njia ya kuhamia kwa mwingine. Kwa hiyo ukubwa wa nchi ulipimwa kwa watu waliomkubali mtawala, na baina ya utemi mmoja na mwingine mara nyingi palibaki msitu usio na mwenyewe. Hili mtoto wa darasa la tatu analielewa upesi kuliko latitudo.

Wafanyabiashara wa pwani walikuja na hesabu yao. Kwao nchi ilihesabika kwa mwendo wa siku na kwa ushuru wa njia ulioitwa hongo. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulijua umeingia himaya nyingine pale ulipotakiwa kufungua mizigo ya nguo na shanga, na Ugogo ilisifika kwa kudai bila kuchoka. Mtoto akichora njia ile na kuweka alama kila mahali palipolipwa hongo, atakuwa amechora ramani ya kisiasa pasipo mpaka hata mmoja. Kisha aulizwe: nani alikuwa na haki ya kudai? Unyanyembe yenyewe, utemi wa Tabora, ina jibu kali. Mtemi Mnywa Sele alipowatoza Waarabu wa Tabora ushuru wa bidhaa zao, walimng'oa, wakamsimika Mkasiwa, karibu na mwaka 1860. Somo zima la kodi na madaraka limo humo.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara hiyo, ambaye baba yake alioa binti wa Mtemi Fundikira hapo Unyanyembe, aliacha simulizi ya maisha yake kwa Kiswahili, na humo anaeleza jinsi alivyoupata utawala wa Utetera, katika Kongo ya leo. Alidai kuwa ni mjukuu wa dada wa mtawala wa pale, aliyetekwa zamani. Mtawala huyo, Mzee Kasongo, akaamini, akamwachia nchi. Weka hadithi hii kando ya ile ya mfyeka msitu: zote mbili zinakiri kwamba utawala unahitaji simulizi ya undugu, ila moja inaijenga kwa jasho na nyingine kwa madai. Msiri naye, mtoto wa ukoo wa kitemi wa Wasumbwa, alifuata biashara hadi Katanga akaunda dola yake Bunkeya, mpaka alipouawa mwaka 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wayeke, wazao wa dola hiyo, wako Kongo hadi leo. Mtoto wa Kahama au Tabora ana haki ya kujua kwamba watu wa kwao waliwahi kuunda nchi mbali na kwao.

Simuombi mwalimu aipambe njia ile ya misafara. Ilipitisha pembe za ndovu na watumwa, na dola zilizokua kandokando yake zilinenepa kwa biashara hiyo. Pia zilikuwa na udhaifu mkubwa: himaya ya Mirambo ilianza kusambaratika mara baada ya kifo chake, kwa kuwa iliegemea mtu mmoja na askari wake wa rugaruga. Hapa mstari wa Wazungu, pamoja na dhuluma yake, una nguvu ya kudumu kuliko aliyeuchora. Ndiyo maana mwaka 1964, huko Cairo, nchi huru za Afrika ziliazimia kuiheshimu mipaka ziliyoirithi, na Nyerere, aliyesoma Tabora, alikuwa mstari wa mbele katika azimio hilo. Waliwaza vita ambavyo vingezuka iwapo kila nchi ingedai kurekebishiwa mpaka wake.

Hata hivyo mstari nao husogezwa. Wabelgiji waliiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye wakaondoka mjini lakini wakabaki na Rwanda na Burundi, zilizokuwa sehemu ya koloni la Wajerumani pamoja na Tanganyika. Mtoto anayeuliza kwa nini Rwanda si mkoa wetu anauliza swali la maana sana, na jibu lake linapita mjini kwake.

Na asiishie huko nyuma. Katika mkoa huohuo wa Tabora kuna Ulyankulu, walikopokelewa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Mwaka 2014 Serikali ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mpaka haukusogea hata hatua moja, lakini nchi iliongezeka watu, na safari hii ilikuwa kwa sheria. Darasani wamo watoto wa waliopokea vyeti hivyo, wakikaa dawati moja na wajukuu wa watu wa Mirambo. Mwalimu anayetaka kufundisha jinsi nchi zinavyoundwa anaweza kuanza kwa kuwaomba wote wawili wakaulize nyumbani: watu wetu walifikaje hapa, na nani aliwakubali?