Bawaba ya Wallis: historia ya magurudumu matatu yanayolala kona

Mwaka 1970 kampuni ya BSA ya Birmingham, Uingereza, iliingiza sokoni chombo kidogo cha magurudumu matatu kilichoitwa Ariel 3. Kilikuwa na injini ya CC 49, pedeli kama za baiskeli, gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Katikati yake kulikuwa na bawaba. Dereva alipokata kona, yeye, usukani na gurudumu la mbele vililala kama inavyolala pikipiki, huku injini na magurudumu mawili ya nyuma yakibaki wima, matairi yote yakiikanyaga lami.

Chombo hicho hakikupata wanunuzi wa kutosha. Miaka mitatu baadaye BSA yenyewe, kampuni iliyowahi kutengeneza pikipiki nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, ilikuwa imeporomoka. Lakini bawaba ile haikufa. Ilivuka bahari hadi Japani, na huko ikawa mtumishi wa kila siku wa wauza vyakula na wasambazaji wa mizigo midogo. Mpaka leo inafanya kazi.

Sisi tunaoishi katika miji ya bajaji na bodaboda tuna sababu ya kuijua historia hii. Inaeleza kwa nini vyombo vya magurudumu matatu hupinduka, nini kinaweza kufanywa, na kwa nini wazo zuri linaweza kuanguka mikononi mwa mmoja na kusimama mikononi mwa mwingine.

Kwa nini chombo kilale

Kila aliyepanda bajaji anajua kinachotokea dereva akiingia kwenye kona kwa kasi: abiria wote wanatupwa upande wa nje, na gurudumu la ndani linakuwa jepesi. Chombo kisicholala kina kinga mbili tu dhidi ya msukumo huo, nazo ni upana wake na uzito uliokaa chini. Kikiwa chembamba, au mzigo ukipangwa juu, kinga zote mbili zinapungua. Magurudumu matatu yana udhaifu wa ziada, kwa sababu kwenye kona hakuna gurudumu la nne la kuegemea. Dereva akikata kona huku anafunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele, mahali ambapo bajaji ina gurudumu moja.

Pikipiki inatatua tatizo hilo kwa njia nyingine kabisa. Inalala kuelekea ndani ya kona, hivyo uzito wa dereva unapambana na ule msukumo wa kutupwa nje mpaka vinalingana. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo inavyobidi kulala zaidi. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, pikipiki inayokwenda kilomita 25 kwa saa inahitaji kulala nyuzi 9 hivi. Kwa kilomita 50 kwa saa inahitaji nyuzi 33, maana mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Hesabu hiyo ndiyo inayowapindua madereva wanaodhani kwamba kuongeza mwendo kidogo huongeza hatari kidogo.

Ushahidi mzito wa bei ya kutolala ulitoka Marekani. Mwaka huohuo wa 1970, Honda ilianza kuuza huko vyombo vya magurudumu matatu manene vya kupitia mchangani na mashambani, vilivyojulikana kama ATC. Vilikuwa vifupi, vyembamba, na havikulala. Vilipendwa sana, hasa na vijana, na vilijeruhi na kuua watu wengi mno hata serikali ikaingilia kati. Mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana nayo kuacha kabisa kuuza vyombo vipya vya aina hiyo nchini humo. Mikono yao ikageukia vya magurudumu manne.

Mhandisi wa Uingereza

Aliyetafuta njia ya kupata mema ya pande zote mbili alikuwa mhandisi Mwingereza George Wallis, aliyesajili hataza za uvumbuzi wake katika miaka ya 1960. Alitaka chombo chembamba kinachopita panapopita pikipiki, kinacholala kama pikipiki, lakini chenye magurudumu mawili nyuma ili kisiteleze kwa urahisi na kiweze kubeba mzigo. Badala ya kukilaza chombo chote, alikigawa vipande viwili na kuviunga kwa bawaba iliyolazwa kwa urefu. Kipande cha mbele kinalala, cha nyuma hakilali. Kwa kuwa bawaba iko chini, karibu na ardhi, sehemu nzito ya injini haipokei msukumo mkubwa wa kuipindua, na dereva anabaki huru kulala kadiri kona inavyotaka.

BSA ilinunua haki ya kukitengeneza na kukipa jina la Ariel, alama ya kale ya pikipiki za Birmingham iliyokuwa mikononi mwake tangu miaka ya 1940. Injini ilitoka kwa watengenezaji wa Uholanzi. Kampuni iliwalenga watu ambao hawakuwahi kuendesha pikipiki, hasa akina mama wa nyumbani waliohitaji usafiri wa kwenda madukani.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Mtu anayeogopa pikipiki anaogopa hasa kule kulala, na Ariel 3 ililala. Aliyedhani magurudumu matatu yatamsimamisha wima kama kiti aligundua kwamba bado anatakiwa kujua kujisawazisha. Kwa upande wa pili, aliyekwisha kujua kuendesha mopedi hakuona sababu ya kulipa zaidi kwa chombo kizito zaidi chenye injini ileile ndogo. Wa kwanza hakukiamini, wa pili hakukihitaji. Hasara iliyotokana na Ariel 3 hutajwa kuwa pauni milioni 2, fedha nyingi kwa kampuni ambayo tayari ilikuwa inazidiwa nguvu na pikipiki za Kijapani. Mwaka 1973, kwa msukumo wa serikali ya Uingereza, mabaki ya biashara yake ya pikipiki yaliunganishwa na Norton Villiers.

Honda yaichukua bawaba

Honda, kampuni iliyokuwa miongoni mwa walioiangusha BSA sokoni, ndiyo iliyomfuata Wallis na kupata leseni ya kutumia hataza zake. Mwaka 1981 ilitoa Stream, skuta ya kifahari ya magurudumu matatu iliyokusudiwa vijana wa mjini. Ilivutia macho, lakini haikudumu. Honda ilijaribu pia matoleo mengine mepesi ya aina hiyo, nayo yakapita.

Kilichobaki ni Gyro. Ilizinduliwa mwaka 1982 ikiwa na matairi manene ya nyuma na difu iliyotengenezwa ili gurudumu moja likiteleza, jingine liendelee kusukuma. Ilikuwa na sehemu ya kufungia mzigo mbele na nyuma. Bawaba yake haikuwa na kompyuta wala pampu ya mafuta: ndani ya bomba la kiungo kulikuwa na vipande vya mpira vilivyobanwa, ambavyo hukaza kadiri chombo kinavyolala na kukisaidia kurudi wima kikitoka kwenye kona. Ni teknolojia ambayo fundi wa mtaani anaweza kuifungua na kuielewa mchana mmoja.

Gyro haikuuzwa kwa watu wanaoogopa pikipiki. Iliuzwa kwa watu wa kazi: muuza magazeti, duka la pombe, mgahawa unaopeleka chakula nyumbani, na wakazi wa maeneo yenye theluji. Wateja hao hawakuuliza kama chombo kinafanana na pikipiki au gari. Waliuliza kinabeba nini, kinapita wapi, na kama kitasimama dereva akifunga breki kwenye barabara yenye maji.

Wakati wake pia ulikuwa mzuri. Domino's ilifungua duka lake la kwanza la piza nchini Japani mwaka 1985, na biashara ya kupeleka piza majumbani ikashika kasi Tokyo na miji mingine. Piza ni mzigo mpana, wa moto, usiotaka kuinamishwa. Kwa kuwa sehemu ya nyuma ya Gyro hailali, sanduku lililofungwa juu yake hubaki wima hata dereva akilala kwenye kona. Udhaifu uliowachanganya wateja wa Ariel 3, kwamba chombo ni nusu pikipiki na nusu mkokoteni, hapa uligeuka kuwa sababu ya kukinunua. Mwaka 1990 Honda ikaongeza Gyro Canopy, yenye paa, kioo kikubwa cha mbele na waipa, ili dereva afanye kazi wakati wa mvua. Mwaka 2021 yalifuata matoleo ya umeme yenye betri za kuchomoa na kubadilisha, ambayo nayo yanalala kona.

Kukimiliki na kukiendesha

Anayehamia kwenye chombo cha aina hii kutoka pikipiki hujifunza mambo machache upya. La kwanza ni kwamba chombo hakisimami chenyewe mpaka kifungwe. Gyro ina komeo linaloizuia bawaba isicheze. Dereva akisahau kulivuta wakati wa kuegesha, sehemu ya mbele itaanguka upande. La pili ni upana wa nyuma. Gurudumu la mbele likilikwepa shimo, haina maana kwamba la nyuma kushoto limelikwepa pia. La tatu ni gharama: matairi ni matatu, difu inahitaji mafuta yake, na mipira ya bawaba ikichakaa chombo huanza kuyumba.

Faida zake huonekana pale pikipiki inapoogopwa zaidi, kwenye mchanga uliomwagika barabarani, tope, majani yaliyolowa, na mteremko wa lami yenye maji. Tairi moja likipoteza mshiko, yako mengine mawili. Dereva anayesimama mara nyingi kwa siku akiwa na mzigo mzito nyuma anachoka kidogo kuliko mwenzake wa magurudumu mawili.

Njia nyingine za kulala

Wazo la Wallis lilifungua mlango, na wengine wakapita kwa njia zao. Uholanzi, Chris van den Brink na Harry Kroonen walitengeneza Carver, gari jembamba la watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Kama Ariel 3, sehemu yake ya mbele inalala na ya nyuma inabaki wima. Tofauti ni kwamba dereva halilazi kwa mwili wake. Anazungusha usukani tu, na mitambo ya mafuta yenye shinikizo inaamua kiasi gani cha nguvu yake kigeuze gurudumu la mbele na kiasi gani kilaze chumba cha abiria, kutegemea mwendo, hadi nyuzi 45. Likiwa na injini ya CC 659 lilifika kilomita 185 kwa saa. Walioliendesha walilisifu sana, lakini bei yake ilikuwa ya gari zuri la familia, na mwaka 2009 kampuni ilifilisika. Miaka kumi baadaye jina la Carver lilirudi kwenye chombo cha umeme cha mjini, chenye mwendo usiozidi kilomita 45 kwa saa.

Italia ilikuja na jibu tofauti. Mwaka 2006 Piaggio ilitoa MP3, skuta yenye magurudumu mawili mbele na moja nyuma, na yote matatu yanalala pamoja, hadi nyuzi 40. Mbele yana mikono minne ya chuma iliyounganishwa kiasi kwamba gurudumu moja likipanda, jingine linashuka. Dereva akikaribia kusimama kwenye taa anabonyeza kitufe, mikono inafungwa, na hana haja ya kukanyaga chini. Baadaye kampuni ilitoa toleo lenye magurudumu ya mbele yaliyotanuliwa kidogo, ambalo katika nchi kama Ufaransa liliweza kuendeshwa na mwenye leseni ya gari. Wafanyakazi wa ofisi wa Paris wakalipokea kwa wingi. Piaggio ilijua mteja wake ni nani: mtu mwenye leseni ya gari aliyechoka na foleni.

Piaggio hiyohiyo ndiyo chimbuko la bajaji yetu. Mwaka 1948, miaka miwili baada ya Vespa, ilizindua Ape, kichombo cha mizigo cha magurudumu matatu kwa ajili ya Italia iliyokuwa ikijijenga baada ya vita. Bajaj Auto ya India ilipata leseni ya Piaggio mwaka 1960, na bajaji za magurudumu matatu zilizotokana na muundo huo ndizo zilizokuja kuenea Dar es Salaam na Mombasa. Tawi lililolala na tawi lisilolala yanakutana katika kiwanda kimoja.

Somo kwa miji yetu

Sisemi bajaji ya abiria ilale. Inabeba watu watatu nyuma, ina upana wa kama mita 1.3, na kazi yake inataka sakafu tulivu. Usalama wake unategemea mwendo, upakiaji na dereva. Lakini tazama kazi iliyokua ghafla katika miji yetu, ile ya kupeleka chakula, dawa na vifurushi kwa bodaboda. Dereva anabeba sanduku kubwa lililofungwa juu kabisa ya kiti, na kila kona anayolala sanduku linalala naye na kuongeza uzito mahali pabaya. Hilo ndilo tatizo ambalo Gyro ililitatua Japani zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Hataza za Wallis ziliisha muda wake zamani. Mafundi vyuma wa Gerezani na wa Kamukunji hawahitaji ruhusa ya mtu yeyote kutengeneza bawaba kama yake, na vifaa vyake vikuu, bomba la chuma na mpira mgumu, vinapatikana katika mitaa hiyohiyo. Vyuo vyetu vya ufundi vinaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo kama mradi wa mwaka wa mwisho, kwa sharti moja ambalo BSA haikulitimiza: kabla ya kukata chuma, wakae na madereva wa vifurushi, wapime masanduku yao, wazipite barabara zao za vumbi na za mashimo, kisha watengeneze chombo kinachofaa kazi hiyo. Ariel 3 ilikosa mtu wa kuitumia. Sisi watumiaji tunao tayari, na kila siku wako barabarani na sanduku juu ya kiti.